Viganja vya Mwalimu Breki

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Breki, na walioanza kumwita hivyo hawakukusudia kumsifu. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na kile kikanyagio cha pili cha breki, upande wa mwalimu, kilichowekwa kwa ajili ya saa ya hatari. Kwake yeye kila saa ilikuwa ya hatari. Paka akikatiza barabara kule mbali, mguu chini. Mwanafunzi akipiga chafya, mguu chini. Hata taa ya kijani hakuiamini sana, maana taa ya kijani, alisema, ni nyekundu ambayo bado haijaamua. Waliofuzu kwake walifuzu na shingo zinazouma, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga kitu, na jambo hilo alilitangaza kila mahali, hata msibani.

Ugonjwa wenyewe ulimfuata mpaka nyumbani. Katika gari la mkewe, zulia la miguuni upande wa abiria lilikuwa limetoboka kwa kukanyagwa. Akitazama filamu zenye magari ya kufukuzana, kiti alichokalia kilirudi nyuma kidogo kidogo mpaka kikagota ukutani, na mkewe akalazimika kumsogeza mbele tena kabla ya taarifa ya habari.

Aliyeumizwa zaidi na mguu ule alikuwa binti yake. Mwalimu alimfundisha mwenyewe, kwa sababu mwalimu gani atampeleka mwanawe kwa mwalimu mwingine, watu waseme nini? Masomo yale yalikuwa balaa. Binti hakuwahi kupata nafasi ya kusimamisha gari kwa mguu wake. Kila akiwaza kufanya hivyo, gari lilikuwa limeshasimama. Siku moja alizima injini katikati ya barabara, akashuka, akaacha mlango wazi, akaenda zake kwa miguu. Haukupita muda akaanza kupanda baiskeli, chombo kisicho na kiti cha mwalimu.

Sasa alikuwa mtu mzima, fundi katika duka la baiskeli, na kila mwisho wa wiki alikwenda kwenye mlima ulio nyuma ya matangi ya maji, akaupanda ili apate kuuteremka kwa kasi ambayo baba yake hakutaka hata kusimuliwa. Kati yao hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na salamu, palikuwa na nipitishie chumvi, palikuwa na mlango umefungwa? Basi. Hilo ndilo lililomuuma mzee. Ugomvi angalau una maneno mengi.

Kwa hiyo jioni moja, binti alipokuwa akikausha sahani, akasema kama mtu anayeongea na sahani yenyewe kwamba chama chao cha baiskeli kimeandaa mashindano ya watu wawili wawili, kijana na mkubwa wake wa nyumbani, wanateremka mlima wakifuatana, na saa inasimama pale wa pili anapovuka mstari. Alikuwa anafikiria labda baba. Mwalimu alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Alikubali kabla hajauliza ni mlima upi. Alipouliza na kujibiwa, alitafuta kiti akakaa.

"Kama itakuwa ngumu," binti akaongeza kwa upole, "mjomba amesema yuko tayari."

Mjomba huyo alikuwa kaka wa mkewe, daktari wa meno, mtu mwenye afya ya kuudhi. Alikuwa na baiskeli ya mlimani inayong'aa, nguo za kubana za rangi ya ndimu, na meno ambayo hata akinyamaza ulihisi yapo. Mwalimu hakumchukia shemeji yake, ila hakupenda kumwona. Kumwachia nafasi ile kungekuwa sawa na kumkabidhi binti mzima mzima, na safari hii asingemlaumu mtu. Miaka yote alikuwa anangoja mtoto amwombe kitu kingine zaidi ya chumvi.

"Haitakuwa ngumu," akasema. "Nimeshika usukani tangu hujazaliwa."

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na ngoma yenyewe ilipigwa Jumamosi iliyofuata. Binti alimletea baiskeli kutoka dukani, nzito, yenye springi mbele na nyuma na magurudumu mapana, wakaisukuma mpaka juu. Njia ilikuwa nyembamba, mawe, mizizi, kona, halafu mawe tena kwa wale ambao hawakuridhika na ya mwanzo. Binti alitangulia. Baba akafuata akiwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe anayetoroka, vidole vinne kwenye breki ya huku, vidole vinne kwenye breki ya kule, na hakuviachia kuanzia juu mpaka chini. Breki zililia njia nzima, ndege wakahama.

Walipofika katikati, mikono yake kuanzia kiwiko mpaka kiganja ilikuwa imekakamaa, na vidole havikuwa vyake tena. Walipofika chini alisimamishwa na kichaka. Binti alimkuta amesimama juu ya baiskeli, mikono bado iko kwenye usukani, anatazama mandhari. Alisema mandhari ni nzuri sana. Ukweli ni kwamba vidole vilikataa kufunguka, na ilibidi angoje binti ageuke kidogo ndipo avibandue kimoja kimoja kwa kuvisukuma kwenye paja. Ndani ya glavu zake za bustani, kwenye shina la kila kidole, lengelenge lilikuwa limeshajaa maji, na moja kubwa la heshima lilikuwa limekaa ubavuni mwa kidole gumba.

Binti alimuuliza mikono vipi. Baba akasema safi kabisa, akaitia mfukoni, na nusura apige yowe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliumbuliwa na kitasa. Alishindwa kuzungusha ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, akabaki barazani akijifanya anakagua rangi ya mlango mpaka mkewe alipofungua kwa ndani. Mke alikuwa karani wa shule, mwanamke asiyepoteza maneno. Alivitazama viganja vile, akaleta beseni la maji ya chumvi, akaitumbukiza mikono yote miwili bila kutoa taarifa. Kwa yowe lililofuata, majirani walidhani redio imeharibika.

Hapo mwalimu akaanza kutumia akili, na akili ndiyo iliyommaliza. Alijiambia kwamba kigumu kikikutana na laini, laini huumia. Basi dawa ni kukilainisha kile kigumu. Akachukua godoro la kitanda cha wageni, lile analolalia shemeji akija, akakata sponji upande wa miguuni, akaizungushia kwenye vishikio vya usukani na kuifunga kwa uzi. Chini ya glavu za bustani akavaa glavu za sufi za mkewe. Kisha, baada ya kujishauri sana, akampigia simu shemeji mwenyewe, na shemeji, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa ukarimu, akamweleza kwamba siri iko kwenye nguvu za kukaba. Yeye kati ya mgonjwa na mgonjwa huminya mpira.

Mwalimu akatafuta mpira. Akauminya garini, akauminya kwenye foleni ya benki, akauminya kwenye kikao cha wazazi mpaka mwenyekiti akamuuliza kama ana neno. Kwa hiyo siku ya mazoezi ya pili mikono ilipanda mlimani ikiwa imechoka tayari, kabla mlima haujaigusa.

Safari hii hakufika chini. Vishikio vilikuwa vimenenepa kwa sponji hata vidole havikuweza kuzunguka. Ili asianguke ilimbidi akabe mara mbili. Glavu mbili ziliteleza moja juu ya nyingine, na ngozi yake katikati ikawa inakandwa kama unga. Malengelenge ya zamani yalipasuka na mapya yakapanga foleni. Katikati ya mlima alisimama, akaiegemeza baiskeli kwenye mti, akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Binti akarudi akipanda kwa miguu. Alitoa wembe kwenye mkoba wake wa ufundi, akaikata ile sponji vipande vipande, akaiweka mfukoni. Kisha akapiga magoti mbele ya jiwe, akamvua baba yake glavu za kwanza, akamvua za pili, akaitazama mikono kwa muda mrefu huku ameishika. Mwalimu aliona haya. Tangu mtoto amalize darasa la pili hakuwahi kumshika mkono, na sasa anamshika, na mikono yenyewe ndiyo hii.

Binti alianza kumweleza, na maelezo yake yalikuwa ya fundi, hayana mbwembwe. Glavu ivaliwe moja tu, nyembamba, inayobana kama ngozi ya pili, isiyo na mshono kwenye kiganja, kwa sababu ngozi huharibiwa na kusuguana, ugumu una makosa madogo. Vishikio viwe vyembamba. Uzito wa mwili ukae miguuni, visigino chini, goti limekunjika kidogo, viwiko nje, na mikono iachiwe kazi ya kuongoza tu. Macho yatazame mbali, maana mtu anayetazama jiwe lililo mbele ya gurudumu hushika kila kitu kwa hofu. Huku akisema hivyo alilegeza skrubu, akavigeuza vile vishikio vya breki viinamie chini kidogo, akavisogeza karibu na usukani mpaka vikafikika kwa kidole kimoja.

"Kidole kimoja, baba. Hiki cha shahada. Vingine vyote vikae kwenye usukani."

Mwalimu akakitazama kidole chake cha shahada kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe asiyemtarajia. Alisema kidole kimoja hakiwezi kusimamisha hata saa ya ukutani.

"Kinatosha. Breki si fimbo ya kutembelea. Unafunga pale njia iliponyooka, halafu unaachia. Ukiachia mkono unapumzika. Usipoachia ndiyo haya."

"Na nikiachia, nani atafunga?"

Binti akacheka, halafu akaona kwamba baba yake hatanii. Akarudisha wembe mkobani. Aliposema tena alisema polepole, akitazama pembeni, kwamba mikono hii huenda isipone kabla ya mashindano, na kwamba si aibu, mjomba angeweza kushika nafasi, na baba akasimama pale chini kwenye mstari akawashikia maji.

Mwalimu aliendesha gari kurudi nyumbani kwa kutumia viganja viwili vilivyofungwa leso, akiwaza juu ya ile chupa ya maji. Alijiona amesimama nayo. Alimwona shemeji akivuka mstari katika nguo za rangi ya ndimu, anacheka kwa meno yake yote, anapokea maji, anasema asante sana shemeji. Hata njaa ilimwisha.

Siku zilizofuata alijitunza kama yai. Malengelenge ambayo hayajapasuka hakuyatoboa. Yaliyopasuka aliyaosha kwa sabuni na maji safi, akayafunika kwa plasta, akaliacha lile gamba la ngozi mahali pake lifanye kazi yake. Mpira alimpa mbwa wa jirani, ambaye naye aliuminya siku mbili akauchoka. Ngozi ilianza kukauka vizuri. Lakini mwalimu hakuwa mjinga. Alijua kwamba ngozi ikipona, yule mwenye ngozi ni yule yule. Kila jioni alikaa ukingoni mwa kitanda na fimbo ya fagio mikononi, akajizoeza kuachia, na kila akifumba macho na kuuona mlima, vidole vyote vinne vilirudi vyenyewe kwenye fagio. Mkewe alimuuliza kama anataka kufagia. Alisema hapana.

Kinyozi hajinyoi, na mwalimu huyu jibu lake alilipata kwa mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo alikuwa mama mmoja mwenye duka la dawa, mpole, nadhifu, aliyekuwa amesoma udereva kwake muda mrefu hata watu wakadhani ni mshirika wake wa biashara. Kila siku walipita barabara zile zile, na kila siku mama alirudi dukani na mabega yamepanda masikioni. Asubuhi ile mguu wa mwalimu ulikuwa na wasiwasi kuliko kawaida. Ulikanyaga mbele ya shule, ukakanyaga mbele ya mwanamke aliyekuwa anafikiria tu kuvuka, ukakanyaga kwa ajili ya mfuko wa plastiki. Mama mwenye duka la dawa akaliegesha gari pembeni, akazima injini. Mwalimu alishtuka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mama yule kusimamisha gari kabla yake.

Mama hakuwa amekasirika. Aliomba kuona ile mikono iliyofungwa plasta, kwa kuwa ni kazi yake, akaikagua, akaridhika na usafi, akauliza imetokana na nini. Mwalimu akamsimulia yote, mlima, breki, sponji, mpaka shemeji. Mama akasikiliza. Kisha akageuza viganja vyake mwenyewe akavionyesha. Vilikuwa vyekundu, na chini ya kila kidole palikuwa na sugu ndogo.

"Hizi ni za usukani wako, mwalimu," akasema.

Mwalimu akasema mbona hajawahi kumfundisha kushika kwa nguvu hivyo; kila siku anamwambia alegeze.

"Unaniambia nilegeze, halafu unafunga breki. Sijui utafunga saa ngapi, kwa hiyo nashika muda wote. Mtu hawezi kulegea kwenye kitu ambacho mwenzake hakiamini."

Mwalimu alitaka kujibu, na majibu alikuwa nayo mengi, ya sheria za barabarani na ya takwimu. Aliyaacha yote, kwa sababu alikuwa amekumbuka mlango wa gari ulioachwa wazi katikati ya barabara. Akaivuta miguu yote miwili juu, akaikunja kwenye kiti kama mtoto anayeogopa mende, akamwambia mama awashe gari waende.

Waliteremka ile barabara ndefu ya sokoni. Siwezi kusema kwamba mwalimu alifurahia. Alitoka jasho mpaka kwenye nyusi. Lori liliwakaribia, akamwomba Mungu. Pikipiki iliwachomokea kushoto, akawaombea na wa kwenye pikipiki. Mara mbili mguu ulijaribu kushuka, mara mbili akaukamata kwa mikono. Lakini mama aliwahi mapema mwenyewe, akapunguza kabla ya kona, akaachia kwenye kona, akaongeza baada yake, na polepole yale mabega yakashuka kutoka masikioni mpaka mahali mabega yanapokaa. Walipofika chini alikuwa anaimba. Mwalimu akatazama mikono yake akaikuta imelala mapajani, wazi, haijashika kitu chochote, na dunia haikuwa imegongana.

Jioni alimwambia binti kwamba atakwenda. Binti akauliza mikono. Baba akainyoosha juu ya meza, mbele na nyuma, bila kuificha.

Siku ya mashindano shemeji alikuja mapema akiwa amevaa kila kitu, pamoja na kofia ngumu, kwa tahadhari tu, alisema, ikitokea dharura. Aliizunguka dharura hiyo kwa matumaini, akimuuliza mwalimu kila dakika anajisikiaje. Mwalimu alivaa glavu moja moja, nyembamba, alizochaguliwa na binti. Mkewe alimfunga kofia kidevuni, akamwambia asijitie ujana, arudi na meno yake. Shemeji akasema meno asihofu.

Kule juu palikuwa na upepo. Binti alimtazama baba yake mara moja, akaondoka. Baba akahesabu pumzi chache akafuata.

Jiwe la kwanza lilipofika vidole vyote vinne viliamka. Mwalimu akajisemesha kwa sauti, kama anavyowasemesha watu garini: legeza mikono, baba, macho mbele, hakuna anayekufukuza. Akavirudisha vidole vitatu kwenye usukani. Njia iliponyooka akafunga kwa kidole kimoja, na kidole kimoja kikatosha, jambo lililomuudhi kidogo, kwa kuwa aliteseka bure. Ilipofika mizizi akaachia. Baiskeli ikacheza chini yake, ikapanda, ikashuka, naye akasimama juu ya miguu yake akaiacha icheze. Kona ya kwanza aliipita huku ameziba pumzi, ya pili akakumbuka kupumua, ya tatu akajikuta anamkaripia mwanafunzi asiyekuwepo kwamba mzee, usiukabe usukani, hujauiba.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Kila alipoinua macho, mgongo wa binti ulikuwa pale pale mbele, karibu mno. Mtu ambaye kwa kawaida hupotea kwenye kona ya kwanza kama moshi, leo yuko umbali wa kurusha kofia. Mwalimu alilitafakari jambo hilo akapata jibu moja tu lenye mantiki: yeye ni bingwa. Kipaji kilikuwa kimelala miaka yote kwenye kiti cha pembeni. Wazo hilo lilimpa raha hata akaachia breki mahali ambapo bingwa asingeachia, akapaa kidogo hewani, akatua, akaomba radhi kwa baiskeli.

Walivuka mstari wakiwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho walikuwa babu mmoja na mjukuu wake, waliochelewa kwa sababu babu alidondosha meno yake ya bandia kwenye kona ya mizizi, na shemeji, dharura yake ikiwa imepatikana hatimaye, alikuwa ametimua mbio kupanda mlima na nguo zake za ndimu kwenda kuyatafuta. Alirudi nayo yakiwa mazima. Alishangiliwa kuliko washindi, na mwalimu alimpigia makofi kwa moyo mweupe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi.

Alipiga makofi kwa sababu aliweza. Alikuwa amevua glavu, na viganja vyake vilikuwa vikavu, vyekundu kidogo, bila lengelenge hata moja. Mikono ilikuwa imechoka uchovu wa kawaida, wa mtu aliyefanya kazi akamaliza. Alimwonyesha mkewe, akamwonyesha mwenye saa, akamwonyesha mama mwenye duka la dawa aliyekuja kuangalia, akamwonyesha mtu mmoja aliyekuwa anapita na mambo yake. Kisha akamtafuta binti ili amwonyeshe yeye aliyestahili kuonyeshwa kuliko wote.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya gari, bado ana kofia kichwani. Alikuwa anahangaika na kifungo cha kidevuni, na vidole vilikuwa havimtii. Baba alidhani anatania. Alimsogelea, akamfungulia kofia, akamshika mkono ili amvue glavu, na binti akavuta pumzi kwa uchungu. Mwalimu akaivua taratibu, kidole baada ya kidole. Kwenye shina la kila kidole kulikuwa na lengelenge. Mkono wa pili ulikuwa vile vile.

Fundi wa baiskeli. Mtu anayeteremka mlima ule kila mwisho wa wiki.

"Umeshika breki njia nzima," baba akasema.

Binti akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nilikuwa nasikiliza kama unakuja. Nikisikia gurudumu lako nafunga kidogo unikaribie. Nisipolisikia nafunga zaidi." Macho yalimjaa machozi, akacheka papo hapo ili yasidondoke. "Baba, ndivyo ulivyokuwa ukijisikia pale pembeni yangu?"

Mwalimu alikuwa na miaka mingi ya maneno juu ya jambo hilo, na mengi aliyafanyia mazoezi peke yake garini. Sasa hakuyahitaji. Alimpenda mtoto huyu kiasi cha kumuumiza shingo, na mtoto amejua.

"Hivyo hivyo," akasema. "Ila mimi nilitumia mguu."

Akamketisha kwenye kiti cha gari, akaenda kumtafutia maji safi na sabuni.